Kwanza Nendeni kwa Mfiwa

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana nchini Kenya, walinzi waliwageukia kwa virungu mahabusu wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Watu 11 waliuawa. Kesho yake serikali ya kikoloni ikawapa waandishi taarifa yake: vifo vimetokea baada ya watu hao kunywa maji ya mkokoteni.

Ndugu zangu waandishi wa habari, isomeni tena taarifa hiyo. Hamna kirungu ndani yake. Hamna mlinzi, hamna mpango uliopitishwa na wakubwa, hamna mtu aliyelia. Kuna maji tu, na watu waliokunywa maji. Uchunguzi wa vifo ulipofanyika haikuonekana sumu yoyote. Zilionekana alama za kipigo mwili mzima, na hakimu akatamka kwamba kilichowaua ni mshtuko na kuvuja damu kulikotokana na mapigo hayo. Kufikia Julai mwaka huo Bunge la London lilikuwa likizozana juu ya Hola hadi usiku wa manane.

Sasa nawauliza. Machi 4, siku taarifa ile ilipotoka, je, ukweli ulikuwa hauna mashahidi? Walikuwa tele! Waliolala na mikono iliyovunjika walijua. Waliobeba maiti walijua. Mmoja wa waliopigwa alizimia akawekwa pamoja na wafu, akidhaniwa naye amekufa. Alizinduka, akaishi, akazeeka, na mwaka 2012 akafika mbele ya Mahakama Kuu ya London kueleza aliyoyaona. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika zaidi ya 5,200 wa mateso ya enzi ile. Zaidi ya miaka 50! Shahidi alikuwa na habari yake tangu siku ya kwanza, na alizeeka akimtafuta wa kumsikiliza. Ofisi nayo ilikuwa imekwisha kusafirisha mafaili yake ya aibu hadi Uingereza, yakafichwa Hanslope Park mpaka 2011.

Nawasihi mnielewe. Tunapozungumzia kuung'oa ukoloni katika kazi yetu, wengi tunakimbilia yaliyo juu juu. Tunataka mwenye gazeti awe mwenzetu, mtangazaji avae kitenge, wazungu waache kutupiga picha za mtoto mwenye nzi machoni. Ni madai ya haki, na mimi nayaunga mkono. Lakini mkoloni alituachia urithi mzito kuliko mitambo ya kuchapia. Alituachia utaratibu wa nani aaminiwe kwanza. Ofisi itangulie, watu wafuate kama nafasi itabaki. Ofisi ikisema, ni taarifa. Mchungaji wa ng'ombe akisema, ni madai. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alikwenda zake, bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa, na utaratibu ule ukabaki mezani kwa mhariri kama ulivyokuwa.

Msiponiamini, njooni Wajir.

Februari 10, 1984, Kenya ikiwa imetimiza miaka 20 ya uhuru wake, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, Wakenya wa Kisomali, vikawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi ya mji wa Wajir. Waliwavua nguo. Waliwalaza kifudifudi juani, siku hata siku, bila chakula wala tone la maji, katika nchi ambayo jua lake mnalijua. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Walionusurika wanataja mamia, na wako wanaotaja maelfu. Hesabu kamili haijapatikana hadi leo, na haikupatikana kwa sababu wakati maiti zikiwa bado zinaweza kuhesabiwa, hatukwenda kuhesabu.

Kwa nini hatukwenda? Tazameni mizizi. Waingereza waliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria baada ya sheria: ya 1902, ya 1926 iliyoifanya wilaya iliyofungwa, ya 1934 iliyowapa maofisa mamlaka makubwa juu ya watu wake. Hukuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mwezi haukwisha kabla hali ya hatari haijatangazwa huko, na haikuondolewa hadi 1991. Mtu alizaliwa chini ya hali ya hatari, akaoa, akazaa, bado iko. Mwaka 1965 mpango wa uchumi wa taifa ukaelekeza fedha mahali penye mvua na rutuba, kaskazini ikasubiri. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika vita vya mashifta huko kaskazini. Ukifunga njia, ukafunga mahakama, kimebaki nini? Imebaki redio ya askari kutuma ujumbe Nairobi, na mwandishi wa Nairobi kuunakili. Msomaji wa Nyeri au Kisumu alimjua Msomali wa Wajir kwa sura moja tu, mtu mwenye bunduki nyuma ya kichaka. Siku habari ya Wagalla ilipovuja, moyo wa msomaji huyo ulikuwa umekwisha kuandaliwa usistuke. Na walioandaa ni sisi!

Kuna jambo la Wagalla linaloniuma kwa namna ya peke yake. Mwitalia Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wafugaji wenye kifua kikuu mjini Wajir, alikwenda kuokoa majeruhi na kukusanya maiti, na alisaidia dunia kujua. Mama huyo anastahili heshima yote. Aliuawa Borama mwaka 2003 akiwa bado anahudumia wagonjwa. Lakini angalieni jinsi habari yenyewe inavyosimuliwa. Mara nyingi anatajwa yeye kwa jina, maisha yake, imani yake, picha yake, kisha wanafuata "wanawake wa huko" bila jina hata moja. Wanawake waliotafuta waume zao katika miili iliyoharibika kwa jua wamekuwa kivuli katika msiba wao wenyewe. Ilibidi mwana wa kaskazini, Salah Abdi Sheikh, atoe kitabu mwaka 2007 ndipo sauti zao zikae karatasini. Miaka 23 baadaye! Hata tunapotaka kutenda wema, mazoea yanatupeleka kwanza kwa mtu anayefanana na ofisi.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mnayafanya kila jioni, na nitawaonyesha.

Ni saa mbili usiku, kurasa zinafungwa. Kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wa mkoa inaingia PDF yenye nembo, mhuri na saini: operesheni imefanyika, wavamizi kadhaa wameondolewa, hali ni shwari. Kiswahili kimenyooka, cheo kipo, jina lipo, hata picha ya mheshimiwa imeambatishwa. Dakika hiyo hiyo simu ya mwandishi wa wilaya inaita. Ni mama. Mtandao unakatika. Anachanganya Kiswahili na Kimaasai kwa sababu uchungu wake uko katika Kimaasai. Anataja jina la mwanawe, anataja korongo alikoangukia, anataja rangi ya lubega aliyovaa. Mwandishi analipwa kwa stori iliyotoka gazetini, na nauli ya bodaboda hadi kwa mama yule inazidi malipo ya stori. Anampigia mhariri. Mhariri, mtu mwema, mchovu, anayeogopa kuchelewa mtamboni, anauliza: "Kamanda amethibitisha?" Amethibitisha ya kwake. "Basi itoke hiyo. Ya mama tutaifuatilia." Gazeti linakwenda mtamboni. Kesho kuna kikao cha waziri, kesho kutwa kuna uzinduzi wa kisima, na mama yule anabaki na namba ya simu isiyopokelewa.

Hakuna aliyemwamuru mhariri yule aseme uongo. Hakuna aliyempa bahasha. Ndiyo sababu nauita utaratibu huu urithi: unafanya kazi yake hata pasipo mtu mbaya chumbani.

Lakini ninyi ni watu wa pwani na bara, watu mliolelewa. Akifa mtu mtaani kwenu mnafanya nini? Mnakwenda kwanza kwa mfiwa. Mnavua viatu, mnakaa mkekani, mnatoa pole, mnanyamaza, kisha mfiwa mwenyewe anaanza kueleza marehemu aliumwa nini, alisema nini mara ya mwisho. Hakuna anayepitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama kweli pana msiba. Mwenyekiti ataulizwa, naam, kuhusu kibali cha mazishi na mengine yanayomhusu. Lakini msiba si wake. Adabu hiyo mnayo tangu utotoni. Kwa nini mnaivua mlangoni mnapoingia chumba cha habari?

Na wale mnaoshika dini, mnajua uzito wa ushahidi. Msikiti na kanisa vyote vinakataza ushahidi wa uongo. Qurani inawataka waumini wasimame na haki hata kama ni dhidi ya nafsi zao na wazazi wao. Mwandishi ni shahidi wa kulipwa mshahara. Akiandika alichoambiwa na aliyeshika kirungu, akamwacha aliyepigwa, huo ni ushahidi wa namna gani? Mtaulizwa! Na jibu la "nilinukuu taarifa rasmi" sijui kama litasikilizwa.

Tazameni tena mwaka ule wa 1959. Mwaka huo huo wa Hola, kuondolewa kwa Wamaasai Serengeti kulikamilishwa, wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na mifugo yao na wanyamapori. Mwaka huo huo filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti ikaanza kuzunguka duniani. Ikashinda tuzo ya Oscar. Ilionyesha mbuga pana, nyumbu wasiohesabika na wazungu wawili ndani ya ndege yenye milia ya punda milia. Aliyechunga hapo tangu mababu akaonekana kama tishio kwa bustani. Tumekula picha hiyo miaka 60 na zaidi. Ndiyo maana Juni 2022, mipaka ilipokuwa ikiwekwa kwenye malisho ya Wamaasai wa Loliondo, habari ilikuwa na sura kabla haijaandikwa. Askari mmoja aliuawa kwa mshale, na kifo chake kilistahili kuandikwa, maana naye ana mama. Lakini kulikuwa na wakazi wenye majeraha waliovuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Wengi wetu tuliwaona kwenye simu kabla ya kuwaona gazetini. Hospitali ilikuwa na vitanda, vitanda vilikuwa na watu, watu walikuwa na midomo. Ni wangapi kati yetu waliopanda gari kwenda kukaa kando ya vitanda hivyo?

Waogiek wa msitu wa Mau nao wamepitia njia hiyo. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa Arusha, iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila, na warudishiwe ardhi yao. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena Mau. Mahakama kubwa kuliko zote barani imesema hawa ni wenyeji. Halafu mwandishi anaamka asubuhi, anapokea taarifa ya operesheni, anaandika kwamba wavamizi wa msitu wameondolewa, na hakumbuki hata kuifungua hukumu. Sitaki kumwita mvivu. Nasema tu kwamba mkono wake umezoea kuandika kwa imla, na mkono unaweza kuzoezwa upya.

Nasikia mnavyonijibu, na majibu yenu si ya kipuuzi.

Mnasema: sheria zinatubana. Ni kweli. Tanzania tumekuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kila mmoja wetu anamjua mwenzake aliyelala mahabusu au gazeti lililofungiwa. Simwiti mtu mwoga kwa kuwa ana watoto wanaosubiri ada. Ila kuna mambo ambayo hakuna sheria inayoyakataza na bado hatuyafanyi. Kuandika "tulizuiwa kufika eneo la tukio" hakuvunji sheria. Kuandika kwamba taarifa hii ni ya upande mmoja na wakazi hawajapatikana hakuvunji sheria. Sentensi hizo mbili tu, zikiwekwa juu kabisa ya habari badala ya kufichwa mwishoni, zingemfanya msomaji ajue anasoma nini.

Mnasema: waathirika nao hukosea, hukuza, hudanganya. Naam, ni binadamu. Wachunguzeni! Hesabuni makaburi, tazameni kovu, linganisheni maneno ya huyu na ya yule asiyemjua. Sijawaambia mwamini kila chozi. Nawaambia ukali mnaompimia mama wa korongoni mumpimie na kamanda. Leo hii maneno ya mama yanahitaji mashahidi watatu na nyaraka. Maneno ya kamanda yanahitaji mhuri.

Mnasema: hatuna fedha. Hapa ndipo ninapokasirika. Kuna mafuta ya kufuata msafara wa kiongozi kutwa nzima kunukuu aliyoyasema jana na juzi. Kuna posho ya semina hotelini. Kuna ukurasa mzima wa rangi wa kampuni ikikabidhi hundi ya mfano. Na wakati wa utalii kuna nauli ya kufika Ziwa Eyasi kumpiga picha Mhadzabe akiwa na upinde wake, ikapambe toleo la Jumapili. Chini ya picha hiyo pameandikwa "Mhadzabe akiwinda". Jina lake? Hakuulizwa. Anasemaje juu ya mashamba yanayomlia uwanda wake wa kuwindia? Hakuulizwa. Fedha ya kwenda ilikuwepo. Iliyokosekana ni dakika kumi za kukaa chini naye.

Ndugu zangu, hamjaitwa kuanza kitu kigeni. Mna wazee katika kazi hii. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la *Kwetu* jijini Dar es Salaam, Mwafrika akiandika kwa Kiswahili juu ya Waafrika bila kuazima mdomo wa serikali. Kenya, mwaka 1945, Henry Muoria alianzisha *Mumenyereri* kwa Kikikuyu; wasiojua kusoma walisomewa. Ilipotangazwa hali ya hatari Oktoba 1952, gazeti lake lilipigwa marufuku pamoja na mengine mengi ya Waafrika, naye, aliyekuwa London, akabaki ugenini. Mkoloni hakuyafunga kwa sababu ya makosa ya kisarufi! Aliyafunga kwa sababu yalibadili mahali habari inapoanzia. Watu hao walikuwa na mitambo mibovu na madeni ya karatasi. Sisi tuna simu zinazopiga picha gizani.

Na wapo wanaoifanya kazi hiyo hivi sasa. Kijijini Terrat, Simanjiro, redio ya ORS inawatangazia wafugaji kwa Kimaasai na Kiswahili. Nthongoni, Kenya, vikundi vya akina mama vilianzisha redio ya Mang'elete, Kikamba kikasikika juu ya ukame, shule na maji kutoka kwa wanaoteka maji hayo. Gazeti kubwa huwaona hawa kama wadogo wa kusaidiwa. Nasema wao ndio walimu. Mtangazaji anayekutana sokoni kesho yake na mtu aliyemtangaza jana ana mhariri mkali kuliko yeyote wa ghorofani. Mkiwahitaji, wahitajini kwa heshima: walipeni, wekeni majina yao juu ya habari, msiwageuze wakalimani wa kuazima asubuhi na kuwasahau jioni.

Basi nisikieni, wahariri. Katika kikao cha kesho asubuhi, kabla ya kuuliza nani amethibitisha, ulizeni nani amefika. Kama hakuna aliyefika, mtumeni mtu, na nauli yake itoke kwenye mfuko ule ule wa kufuata misafara. Mpeni anayejua lugha ya mahali, au mlipeni mkalimani wa huko huko. Alale huko usiku mmoja. Aandike majina ya waliokubali kutajwa, kwa tahajia wanayoitaka wenyewe, na ayalinde ya waliokataa. Kisha apige simu kwa kamanda na mkuu wa wilaya, awasomee aliyoyasikia, awaandike wanavyojibu. Habari ikitoka, nakala zirudi kijijini, zisomwe kwa sauti mbele ya walioitoa, na wakisema mahali fulani tumekosea, sahihisho liwekwe ukurasa ule ule ilikotoka.

Nanyi wanangu mlioko vyuoni, msingoje kuajiriwa. Walionusurika Wagalla wanazeeka. Wana wao wako Eastleigh, wako Garissa, wengine mnasoma nao darasa moja. Waombeni wawapeleke nyumbani kwa baba zao likizo hii. Bebeni daftari, bebeni betri ya akiba, na mkifika msianze na maswali. Toeni pole kwanza, mkae.